Kifuniko cha tanki kikigoma: urekebishe au uweke kingine?

Mtu anaweza kukaa miaka sita anapiga riveti kwenye ndege yake mwenyewe, siku inafika ndege inapaa, inatua salama, picha zinapigwa, watu wanashangilia, halafu kuanzia hapo kila asubuhi unamkuta ameinama juu ya bawa anapigana na kijidude cha upana wa kiganja. Kifuniko cha tanki la mafuta. Leo kucha imekatika, kesho bisibisi imeteleza ikachora rangi aliyoilipia hela nzito. Wenye ndege hizi za kujijengea wakikutana ubishi ni ule ule, kuna wanaosema ng'oa hilo takataka weka kingine, na kuna wanaosema kifuniko hakina kosa, wewe ndio hujakitunza. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ila kuna sehemu naachana nao na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Tuelewane kwanza tunaongelea kifuniko gani, manake viko vingi. Kinacholalamikiwa sana ni kile cha kulala sawa na ngozi ya bawa, kama kwenye ndege za RV za Van's Aircraft, kampuni ya Marekani inayouza vifaa vya kujijengea ndege. Juu yake kuna kileva, unakiinua kwa ncha ya kidole, unazungusha, unachomoa. Ukifunga unarudisha, unazungusha, halafu unabonyeza leva hadi ilale. Leva ikilala inavuta mhimili wa katikati, kile kipande cha chini kinapanda kung'ang'ania mdomo wa tanki na oringi kubwa, yaani pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, inabanwa vizuri. Kwa hiyo ugumu kiasi fulani ni kazi yake, ukikuta leva inalala kama kurasa ya daftari basi hapo hakuna kinachobanwa. Swali ni ugumu kiasi gani, na umetoka wapi.

Nina jamaa yangu mwenye ndege ya namna hiyo, kifuniko cha bawa la kulia kilimshinda kabisa, akawa anakifungua kwa funguo ya gari hadi funguo ikapinda. Alishaamua kununua vipya viwili. Nikamwambia hebu subiri, tukikague kwanza. Tulipokitoa tukaweka oringi ya zamani mezani pembeni ya mpya, aisee, ile ya zamani ilikuwa imenenepa na kupoteza umbo, upande mmoja bapa upande mwingine duara. Alikuwa anatumia petroli ya magari yenye ethanoli, na kuna mipira haipatani na ethanoli, inavimba. Halafu tukapitisha kidole kwenye mdomo wa tanki kwa ndani tukakuta ukingo wa rangi, aliyepaka rangi alipitiliza, tabaka juu ya tabaka, na kifuniko kilikuwa kinajipenyeza humo kwa nguvu kila siku. Rangi! Yaani kifuniko cha watu kilikuwa kinatukanwa bure.

Ndio maana nasema wanaotetea matengenezo wana hoja nzito. Ukichunguza vifuniko kumi vilivyogoma, nadhani vingi ni oringi iliyovimba au kukauka, rangi iliyojaa mdomoni, vumbi, ukosefu wa grisi, au nati ya chini iliyokazwa kupita kiasi na mtu aliyekuwa anatafuta dawa ya uvujaji. Hivi vyote ni kazi ya jioni moja. Ile nati unaigeuza kidogo kidogo, robo mzunguko, unajaribu, robo tena, mpaka leva inalala kwa kusukumwa kwa nguvu na dole gumba lakini bila kuhitaji nyundo. Oringi usinunue kwa kukisia, kapime, manake ikizidi unene hata kidogo tu umerudi kule kule. Na aina ya mpira ni muhimu: nitrili inaivumilia avgas, yaani petroli ya ndege, vizuri, Viton inavumilia petroli na ethanoli ila kwenye baridi kali inakuwa ngumu, florosilikoni inafanya kazi kwenye baridi pia. Silikoni ya kawaida achana nayo, petroli inaivimbisha.

Grisi ndio watu wanakosea zaidi. Mtu anachukua grisi yoyote ya gereji au hata vaselini anapaka, siku mbili kifuniko laini kama siagi, wiki ya pili kimerudi kugoma kwa sababu petroli imeyeyusha yote na kuipeleka kwenye tanki. Kuna grisi maalum isiyoyeyuka kwenye petroli, wenye ndege wanaijua, unapaka utando mwembamba sana kwenye oringi zote mbili. Ndiyo, mbili. Kuna ile kubwa ya pembeni inayoonekana, na kuna ndogo kwenye mhimili wa katikati ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo, wanabadilisha kubwa miaka na miaka, ndogo imekauka imepasuka, halafu wanashangaa maji yanapita wapi.

Na maji ndio yanayonifanya nisikubaliane na mtu anayelegeza nati ili mradi kifunguke kwa urahisi. Kifuniko cha kulala kiko kwenye kishimo kidogo, mvua ikinyesha kishimo kile kinakuwa kisahani cha maji juu ya tanki lako. Oringi ikilegea maji yanashuka yenyewe, na kwa kuwa lita ya maji ina kilo moja wakati ya petroli ya ndege ni kama kilo 0.72, yanaenda moja kwa moja chini, kule kule mafuta yanakochukuliwa kwenda kwenye injini. Ukisahau kumwaga sampuli chini ya tanki asubuhi, utayapata hewani. Halafu kuna upande wa pili: juu ya bawa linaloruka msukumo wa hewa uko chini kuliko ndani ya tanki, kwa hiyo kifuniko kilicholegea au kilichoachwa wazi hakikai tu pale, mafuta yananyonywa yanatoka nje kama mkia wa mvuke. Wazoefu wanafunga leva ikiwa imeelekea nyuma, ili hata ikiinuka upepo uisukume ilale badala ya kuipeperua. Kitu kidogo ila kina akili.

Sasa hapa ndipo ninapoachana na wanaosema "zoea tu". Hasara ya kifuniko kigumu sio kucha, kucha inaota. Hasara ni kwamba mtu anaacha kukifungua. Geji za mafuta kwenye ndege ndogo sio za kuaminika sana, ndio maana kila rubani anafundishwa kufungua tanki achungulie au achovye kijiti cha kupimia. Lakini kifuniko kikiwa vita kila mara, siku ya kwanza unafungua, ya pili unafungua kimoja tu maana jana ulijaza vyote, ya tatu unaangalia geji unajiambia "si nilijaza juzi". Hakuna siku uliyokaa ukaamua sasa sichungulii tena, imetokea tu yenyewe. Hata jamaa yangu wa funguo iliyopinda alikiri, tena kwa aibu, kwamba bawa la kulia lilikuwa limepita kama wiki tatu hajaliangalia.

Kuna kisa cha zamani kinanijia kila nikifikiria hili, japo kilihusu vali na sio kifuniko. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alikufa kwenye ndege aina ya Long-EZ, ya kujengwa nyumbani ila sio yeye aliyeijenga, pwani ya California kwenye ghuba ya Monterey. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walitaja vali ya kuchagua tanki: aliyeijenga alikuwa ameiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani, haikuwa na alama, kuifikia shida, kuizungusha shida. Kabla ya kuruka, yeye na fundi waliongelea huo ugumu, wakajaribu hata kurefusha mkono wa vali kwa plaisi ya kubana, haikusaidia. Akaulizwa kama anataka kuongezewa mafuta, akakataa. Wachunguzi walitaja pia mafunzo yake kwenye ndege hiyo kuwa hayakutosha, kwa hiyo sisemi ni vali peke yake. Ninachokiona mimi ni watu wawili wazima wamesimama na plaisi mbele ya kitu kinachogoma, wote wanajua kinagoma, na ndege ikaruka hivyo hivyo.

Kwa hiyo upande wa kubadilisha haupaswi kuchekwa. Kama umeweka oringi sahihi, umetoa rangi, umepaka grisi, nati iko sawa, na bado mikono yako haiwezi, mtu ana baridi yabisi kwenye vidole au anarusha na mwenza mwenye vidole dhaifu, basi badilisha. Na sio kila kifuniko cha kulala ni kizuri kisa kimelala. Cessna yenyewe ilikuwa na vifuniko vya namna hiyo kwenye baadhi ya ndege zake za miaka ya 1970, vikapata sifa mbaya ya kupitisha maji, na wengi wakahamia kwenye vile vilivyoinuka kama mwavuli ambavyo mvua inateleza pembeni. Kifuniko cha mwavuli unakishika na kiganja chote, kinafunguka bila kucha. Kinaongeza ukinzani wa hewa kidogo na kinaharibu sura ya bawa, na wajenzi wa hizi ndege bwana, wanaoweza kubishana siku nzima juu ya nusu noti (knot) ya mwendo, hilo linawauma kuliko maji kwenye tanki.

Ila kabla hujaagiza jiulize tanki lako linapumua wapi. Kuna ndege zinazopumua kwa bomba la pembeni na kifuniko kimezibwa kabisa, RV ni hivyo. Kuna nyingine kipumulio kiko kwenye kifuniko chenyewe. Ukichukua kifuniko kizuri, chepesi, cha bei, kisicho na tundu, ukakiweka kwenye tanki lililotegemea lile tundu, injini itanyonya mafuta hadi tanki libonyee au mafuta yagome kushuka, tena sio ardhini ukiwa unajaribu, bali baada ya nusu saa hewani. Wengi wanaopima upana na idadi ya meno wanasahau hili kabisa.

Na kama kipya kinahitaji mdomo mwingine wa tanki, hapo kazi imebadilika jina. Tanki la alumini ule mdomo umepigwa riveti na kuzibwa kwa silanti, utazitoboa riveti, na vumbi la alumini litaingia kwenye tanki hata ufanyeje, itabidi usafishe vizuri kweli. Tanki la faiba ndio balaa zaidi, unakata kitu kilichogandishwa pamoja na bawa. Pia usishawishike kupanua tundu ili faneli ipite vizuri. Kanuni za Marekani kwa ndege ndogo za petroli zilizothibitishwa zilikuwa na kikomo cha inchi 2.36 kwa upana wa mdomo, kama milimita 60, makusudi kabisa ili bomba pana la mafuta ya jeti, yasiyofaa kwa injini ya petroli, lisiingie. Ndege ya kujijengea hailazimiki kufuata, lakini mjaza mafuta aliyechoka hajui hilo.

Wanaochonga vyao kwenye mashine nawaheshimu, ila alumini ikisugua alumini inang'ang'aniana, unaweza kutengeneza kifuniko kigumu kuliko ulichokikimbia. Wanaochapisha vya plastiki kwa printa, hapana, sio kwenye petroli, mpaka mtu akuoneshe plastiki hiyo imekaa kwenye mafuta miezi bila kuvimba.

Makaratasi hayasumbui sana. Marekani ndege ya namna hii mtu yeyote anaruhusiwa kuigusa, unaandika kwenye logi na mwenye cheti anaikagua kila mwaka. Uingereza mabadiliko yanapitia LAA, chama chao cha ndege nyepesi, omba mapema.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi wanaidharau, nayo ni kijitu cha kuinulia leva. Kipande cha plastiki ngumu chenye mdomo mwembamba, kimefungwa kwenye kamba moja na kikombe cha kuchukulia sampuli ya mafuta, kwa hiyo huwezi kukisahau bila kusahau na kikombe. Hakichori rangi na hakibadilishi chochote kwenye kifuniko. Kasoro yake ni kwamba kinaficha ugonjwa, leo leva inahitaji nguvu kidogo, mwakani inahitaji nguvu nyingi, na wewe hujui kwa sababu hujaigusa kwa mkono. Mwenye nacho ajaribu kwa kidole mara moja moja.

Jamaa yangu hakununua. Alikwangua rangi kwa uangalifu, tanki likiwa limezibwa na kitambaa ndani, akaweka oringi nne mpya, akalegeza nati ya kulia nusu mzunguko. Jioni tukamwaga maji kwenye visahani vyote viwili tukaviacha hadi asubuhi, kisha tukayakausha kabisa kwa taulo kabla ya kufungua, maana ukifungua hivi hivi unayamwagia mwenyewe ndani halafu unalaumu oringi. Cha kulia chini kilikuwa kikavu. Cha kushoto, kile ambacho hakikuwahi kumsumbua hata siku moja, kilichokuwa kinafunguka vizuri tu miaka yote, kilikuwa na matone matatu yananing'inia kwenye mhimili.