Mitandao inahariri habari, swali ni nani awajibike

Mi naona kubishana kama mitandao ya kijamii inahariri habari au haihariri ni kupoteza muda, inahariri. 2016 Facebook ilifuta ile picha ya vita ya Vietnam ya 1972, ya mtoto anayekimbia uchi ameunguzwa na bomu la moto la napalm, na gazeti la Aftenposten la Norway nalo likafutiwa. Mhariri wake, Espen Egil Hansen, akamwandikia Zuckerberg, bosi wa Facebook, barua ya wazi akamwita mhariri mwenye nguvu kuliko wote duniani, kelele zikawa nyingi, picha ikarudishwa. Anayeamua picha ipi watu waone na ipi wasione, huyo anafanya kazi gani nyingine?

Ila wanaoitetea mitandao wana hoja nzito. Mhariri wa gazeti anasoma stori kabla haijatoka, posti za mitandaoni ni nyingi mno hakuna binadamu wa kuzimaliza, ndo maana Marekani toka 1996 ina kifungu cha sheria namba 230 kinachozikinga kampuni za mitandao zisishtakiwe kwa alichoandika mtumiaji. Ukikiondoa, kampuni zitafuta chochote chenye utata ili zisiburuzwe mahakamani, na wa kwanza kuumia ni mtu wa kawaida anayefichua uozo na hana gazeti la kumsemea. Hapo nawaunga mkono kabisa.

Kinachonikera ni kesi ya Marekani ya Moody v. NetChoice, 2024. Upande wa kampuni ulidai sheria za majimbo ya Florida na Texas, za kuibana mitandao isifute posti inavyotaka, zinaingilia haki yao ya kuchagua na kupanga kinachoonekana, kama gazeti linavyofanya, na majaji wengi wa Mahakama ya Juu wakaelekea huko huko japo kesi ilirudishwa mahakama za chini. Yani haki za mhariri wanazitaka ila lawama zake hawazitaki!

Kwangu mimi posti ni ya aliyeiandika, lakini algoriti, yani programu inayochagua nani aone nini, ikiichukua ikaisukuma kwa watu milioni ambao hawakuitafuta, hapo kampuni imeamua na ijibu. Umoja wa Ulaya umegusa hapo kidogo, mitandao mikubwa lazima impe mtumiaji njia ya kuona posti bila kupangiwa kwa kufuatilia tabia zake, ingawa asiyeijua hiyo setingi haimsaidii kitu.

Kanada wao walikwenda kwenye hela, wakataka kampuni za mitandao zilipe vyombo vya habari kwa habari zao zinazoonekana humo, Agosti 2023 Meta, kampuni yenye Facebook, ikaziondoa habari zote Facebook na Instagram nchini humo, wakati moto wa misitu unawaka na watu wanahama makwao.