Karani Asiyeguna

Kwa miaka miwili asubuhi zangu zilikuwa za aina moja. Fungua barua pepe, pakua ankara, ingia kwenye mfumo wa malipo, nakili namba ya ankara, bandika, nakili tarehe, bandika, nakili kiasi, bandika, hifadhi, rudi ulikotoka. Ikifika saa nne shingo imekakamaa na kidole cha shahada kinabofya hewani. Kwa hiyo mtu akinijia na hotuba kwamba roboti za kompyuta zimekuja kutupokonya kazi, namsikiliza kwa adabu, lakini ile yangu ilipochukuliwa sikutoa chozi.

Asiyezijua asidhani ni mashine yenye mikono na macho ya taa. Ni programu tu. Inafungua dirisha, inabofya kitufe, inasoma kilichoko kwenye skrini na kukiandika kwingine, kama karani angefanya, ila haiendi kunywa chai. Inahitajika kwa sababu mifumo ya ofisini haisemezani. Wa malipo umenunuliwa juzi, wa stoo ni wa zamani na aliyeuandika hajulikani alipo, na katikati amewekwa binadamu awe mkalimani wa tarakimu. Neno lenyewe limetoka kwenye Kicheki, robota, yaani shokoa: kazi ya kulazimishwa isiyo na ujira. Aliyekaa miaka miwili akibandika namba hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Wala teknolojia hii si ya jana. Kati ya kampuni zinazotengeneza roboti hizi, Blue Prism ilianzishwa Uingereza mwaka 2001, na iliyokuja kuitwa UiPath ikaanzia Bucharest, Romania, mwaka 2005. Kwa muda mrefu wateja wake wakubwa walikuwa wenye mifuko mizito, mabenki na kampuni za bima. Kisha mwaka 2021 Microsoft ikawapa watumiaji wa Windows 10 programu yake ya kutengenezea roboti hizi, Power Automate Desktop, bila malipo ya ziada, na mlango ukawa wazi kwa kila mtu. Unawasha kurekodi, unafanya kazi yako mara moja, nayo inafuata nyayo.

Yetu ilianza vizuri mno. Tunaondoka jioni folda imejaa, tunarudi asubuhi iko tupu. Kisha usiku mmoja kikatokea kijidirisha: neno lako la siri linakaribia kwisha muda, ungependa kulibadilisha sasa? Mimi na wewe tungebofya “Baadaye” bila hata kusoma. Roboti hakuna aliyeifundisha habari za dirisha lile, ikasimama mbele yake usiku kucha kama mgeni aliyebisha hodi asijibiwe. Tulicheka, tukairekebisha.

Lililofuata halikuwa la kuchekesha. Msafirishaji mmoja alituma ankara, ikaingizwa, ikalipwa. Wiki chache baadaye akatuma ukumbusho: ankara ileile, kiasi kilekile, ila mwisho wa namba ameongeza kistari na herufi K. Kwa roboti, namba tofauti ni ankara tofauti. Ikaiingiza, nayo ikalipwa kwa mara ya pili. Kuzirudisha pesa hizo kulichukua miezi miwili ya barua na simu. Tulipofungua kumbukumbu za mfumo kumtafuta aliyeingiza, tukakuta akaunti ya roboti. Sasa utaiitia kikao?

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mmoja tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja kabla hajahamishiwa kitengo kingine. Alikuwa anaingiza ankara huku anazungumza habari nyingine kabisa, vidole vinakwenda vyenyewe. Ila mara mojamoja vidole vinasimama, anasogeza uso karibu na skrini na kuguna: “Mh.” Basi. Baada ya hapo ananyanyua simu. “Hawa si tuliwalipa?” Au, “Hawa hawajawahi kutudai kiasi hiki.” Sikumbuki mguno wake ukienda bure.

Walipokuja watu wa tehama kuandika hatua za kazi, waliketi naye siku nzima. Akawaeleza kila kitu: unafungua hapa, unanakili pale. Mguno hakuutaja, kwa sababu mwenyewe hakuuhesabu kuwa kazi. Nao hawakuuliza. Ikatengenezwa roboti yenye vidole vyake vyote, ila shaka yake ikabaki nje.

Na si kwetu tu. Mwaka 2020, katikati ya korona, taasisi ya afya ya umma ya England ilikuwa ikikusanya majibu ya vipimo kwa njia ya kujiendesha, na mahali fulani njiani yakawa yanapitia faili la Excel la muundo wa zamani ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Lilipojaa, yaliyozidi yakaachwa nje kimyakimya. Wagonjwa 15,841 wakakosekana kwenye takwimu za kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, na kuwatafuta waliokutana nao kukachelewa. Kompyuta ilifanya ilichoweza kufanya. Palikosekana mtu wa kutazama mwisho wa orodha na kusema, mh, mbona imekatika hapa?

Ndiyo maana hoja ya ajira, inayopigiwa kelele kila siku, naiona ikikosea shabaha. Kwetu hakufukuzwa mtu. Aliyeondoka hakuzibwa nafasi yake, mambo yakaisha kwa upole namna hiyo. Kinachonikosesha raha ni kwamba yule mama hakuzaliwa akiguna. Aligunishwa na maelfu ya ankara za kuchosha, zilezile tulizoipa roboti kwa shangwe. Kijana anayeanza kazi leo hazioni. Anaoneshwa taarifa ya asubuhi: zimeingizwa zote, kosa hakuna. Ataijuaje ankara yenye kasoro mtu asiyewahi kuchoshwa na zisizo na kasoro?

Sikusema tuzirudishe. Vidole vyangu vingeandamana. Tulichofanya ni kumwomba yule mama aje tena, safari hii tukamuuliza swali jingine: ni lini unaguna? Alifikiri muda mrefu, akaanza kutaja. Kiasi kinapozidi mara mbili ya kawaida ya huyo anayetudai. Kiasi kilekile kikirudi ndani ya siku 30. Akaunti ya benki ikibadilika. Tarehe ikiangukia sikukuu. Tukapata masharti kumi na moja, na sasa ankara yoyote inayogusa mojawapo roboti inaiweka kando ingoje mtu.

Tulipomsomea orodha ili aihakiki, alitikisa kichwa akikubali mpaka tulipofika la mwisho. Akasogeza uso karibu na skrini.

“Mh,” akasema. “Kuna jingine, ila sijui nilisemeje.”