Friji Isiyofunguliwa Bila Champali

Juzi nilikwenda Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kumjulia hali shangazi yangu. Jua letu mnalijua, nikataka maji baridi. Mkono haujafika kwenye friji, mjukuu wake akanipigia kelele: "Ami, vaa champali kwanza! Inapiga hiyo!" Kweli, kando ya friji pamewekwa jozi ya champali na kazi yake ni hiyo tu. Nikamuuliza shangazi, tangu lini? "Ah, mwanangu, zamani. Tushaizoea."

Mshaizoea! Basi Idi ijayo wageni wapokewe mlangoni kwa halua, kahawa na champali.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba nyumba yenyewe imetoka kukarabatiwa. Mwenye nyumba katia vigae vipya, dari ya jipsamu na zile taa za kubadilisha rangi, utadhani sebule ni ukumbi wa harusi. Kodi ikapanda papo hapo. Nyaya je? Ni zile zile nyekundu na nyeusi, za enzi ambazo nyumba nzima ilikuwa na globu kadhaa, redio na pasi. Leo zinabebeshwa friji, kiyoyozi, mashine ya kufulia na shawa ya stima ya wati 5,500, ambayo peke yake inavuta karibu ampea 23. Nikafungua sanduku la fyuzi. Zile za kaure bado zipo, na moja imefungwa uzi mnene wa shaba uliochunwa kwenye kebo, kwa sababu ule wa haki yake ulikuwa "unasumbua, unakatika katika."

Unakatika kwa sababu ndiyo kazi yake, jamani.

Na hata ungekuwa wa haki yake, shangazi yangu usingemfaa kitu. Fyuzi imewekwa kulinda waya usichemke; wewe haikujui. Ya ampea 30 haishughuliki mpaka ipitiwe na zaidi ya ampea 30, na moyo wa binadamu unaweza kuvurugika kwa sehemu ya kumi ya ampea moja. Utakuwa ushaswaliwa, taa bado zinawaka.

Mtaniambia kuna waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini stima iliyovuja. Haya, tufanye hesabu. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na kuipigilia ile fimbo ya athi mpaka izame ni jasho. Nimeshawaona mafundi wakiipiga nusu, iliyobaki wakaikata kwa msumeno na kufukia mchanga juu. Klipu yake nayo inaliwa taratibu na chumvi ya bahari. Tuseme ukinzani wa fimbo hiyo ni omu 50. Stima yetu ni volti 240. Gawanya kwa 50, unapata ampea 4.8. Fyuzi ya 30 haina habari. Bodi ya chuma ya friji inabaki na stima usiku na mchana, inamngoja atakayekuja miguu mitupu na mkono umelowa.

Na dawa ipo, wala si ngeni. Ni kile kifaa mafundi wanachokiita RCD, chenye kitufe cha herufi T cha kukijaribu kama kinakata. Kinafanya kama mwenye duka na chupa zake za soda: zilizotoka sharuti zirudi. Stima ikipungua njiani, yaani inapotelea ardhini kupitia friji au kupitia mwanao, kinakata. Cha miliampea 30, yaani ampea 0.03, kinatakiwa kukata ndani ya sekunde 0.3, na uvujaji ukiwa mkubwa kinawahi zaidi. Tena ile athi yetu mbovu ya omu 50 kwake inatosha na kubaki: ampea 4.8 ni mara 160 ya kiasi kinachohitaji. Friji ya shangazi ingekata stima siku ile ile ya kwanza ilipoharibika, kabla mtu hajaigusa. Badala yake tukanunua champali. Na msiniambie ni ghali. Pesa yake haikukodishii huo ukumbi wa harusi kwa saa moja.

Shida huanza kikishafungwa. Katika nyumba kongwe, hasa zile zenye waya wa ganda la mpira unaopukutika ukiugusa, kitakata asubuhi, kitakata mchana, kitakata Maghrib watu wakitia udhu. Mwenye nyumba atasema kifaa kibovu, kitolewe. Kibovu ni kipi hapo? Hicho ndicho kitu pekee kizima ndani ya sanduku zima, na kinakwambia nyumba yako inavuja stima. Tafuta panapovuja, ubadilishe nyaya. Pesa ikiwa ngumu, anza na jikoni na bafuni, kisha vyumba vingine kadiri Mungu atakavyojaalia.

Nakubali, tena shingo upande, kwamba nyaya za Mji wa Kale si kazi ya asubuhi moja. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ukizichimba mifereji zinamomonyoka, na mji wenyewe ni eneo la hifadhi tangu 1990, kwa hiyo huwezi kujibomolea utakavyo. Basi pitisha nyaya juu ya ukuta, ndani ya tranki za plastiki. Hazipendezi? Na boriti za mikoko zikishika moto kwenye kichochoro kisichoingia gari la zimamoto, zitapendeza?

Kule Majengo, mwenye nyumba mara nyingi si mwenye ardhi. Naelewa kwa nini hataki kuzika pesa yake kwenye ukuta ambao kesho anaweza kuambiwa auondoe. Lakini RCD inafunguliwa kwa bisibisi. Ukihama, unahama nayo.

Wala msiniletee lawama za Kenya Power. Nyaya za ndani, baada ya meta, ni za mwenye nyumba na ni juu yake. Wapangaji nao tusijifanye hatumo: kabla ya kutoa amana tunakagua bomba la maji, tunakagua choo, tunauliza majirani wakoje, lakini kufungua sanduku la stima na kubonyeza hiyo T tunaona tutaonekana wakorofi.

Na fundi je? Nilimkuta mmoja ameunganisha athi na nyutro, ule waya unaorudisha stima, nyuma ya soketi "ili ionekane ina athi." Ikitokea nyutro ya soketi hiyo imekatika, chombo chochote cha chuma kilichochomekwa hapo kinageuka stima kitupu. Yeye kashalipwa, kashaondoka. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka kazi hii ifanywe na mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Mwombe akuonyeshe, akikasirika, huyo si fundi wako.

Kuhusu wale wanaosukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, sisemi kitu leo. Presha yangu iko juu tayari.