Faili la Gari la Mwenzako Si la Injini Yako

Mara kwa mara nakutana na ombi hili kutoka kwa watu wanaoongeza nguvu za magari yao: "Kuna mwenye faili la injini kama yangu anirushie?" Mwombaji ameshafunga turbo kubwa, ekzosi pana, nozeli mpya za kumwagia mafuta ndani ya injini na pampu ya mafuta yenye uwezo zaidi. Vyuma vyote amevilipia bila kusita. Imebaki kompyuta ya injini na faili lake, yaani mpangilio wa namba unaoiongoza, na hapo ndipo anapotafuta cha bure.

Mimi nasema usiliweke. Kama huna fedha ya kumlipa fundi atyuni gari lako, yaani alirekebishie faili lake, kwa vipimo vya gari lako lenyewe, basi hizo nozeli na turbo zikae kwenye maboksi yake mpaka fedha ipatikane. Najua maneno haya yanaudhi, hasa kwa mtu ambaye vifaa vimeshafika na mikono inamuwasha. Lakini nimeona injini nyingi mno zikifunguliwa na pistoni zikatoka zimeyeyuka pembeni, wakati kila kifaa kilichofungwa kilikuwa kizima na cha ubora.

Kompyuta ya injini haijui umefunga nini. Inafuata majedwali: hewa kiasi hiki, mzunguko kiasi hiki, basi mwaga mafuta kiasi fulani na uwashe plagi nyuzi kadhaa kabla pistoni haijafika juu. Majedwali hayo yaliandikwa kwa vifaa vilivyotoka kiwandani. Ukibadilisha kifaa, jedwali linaendelea kusema yaleyale.

Chukua bomba la hewa tu, maana ndilo watu hulidharau. Magari mengi yana sensa ya hewa yenye waya mwembamba unaopashwa moto. Waya huo hauipimi hewa yote inayopita. Unapima ile inayougusa, kisha kompyuta inakadiria iliyobaki kwa kudhani bomba lina upana uleule wa kiwandani. Sasa mtu anatoa bomba la milimita 60 na kuweka la milimita 70, sensa ileile anaihamishia humo. Milimita 10 zinaonekana si kitu, lakini nafasi ya kupitia hewa imeongezeka kwa takriban asilimia 36. Hewa ileile inapita polepole mbele ya waya, na kompyuta inaamini injini inavuta chini ya robo tatu ya hewa inayoingia kweli. Petroli ya kawaida huungua sawasawa kwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Kwa kosa hilo, unakaribia kilo 20 kwa 1.

Gari litaendelea kutembea, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona mafuta ni haba, kompyuta inaongeza, na dereva hasikii kitu. Pengine taa ya injini itawaka na msimbo wa hitilafu P0171, wa mafuta haba, kwa sababu kompyuta nyingi zina kikomo cha kuongeza, mara nyingi karibu asilimia 25. Ila ukikanyaga mafuta mpaka chini, magari mengi huacha kuisikiliza sensa hiyo na kurudi kwenye jedwali. Kwenye magari ya zamani sensa yenyewe haiwezi kusaidia hapo, kwani inajua tu kama mafuta yamezidi au yamepungua. Haijui kwa kiasi gani. Kwa hiyo injini inakosa mafuta palepale inapobeba mzigo mkubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Nozeli ndizo zinazonishawishi kabisa kwamba faili haliazimwi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, nozeli ina milisekunde 20 kati ya mwago mmoja na mwingine. Katika muda huo kuna sehemu inayopotea kwa nozeli kufunguka tu, kwenye milisekunde 1 hivi, na kiasi hicho hubadilika kwa umeme wa betri. Washa taa na feni, volti zishuke kidogo, na nozeli inachelewa zaidi. Injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, nozeli kubwa hufunguka kwa milisekunde 2 hivi tu, kwa hiyo ukikosea thuluthi moja ya milisekunde injini inatetemeka na kuzimika. Huko juu, ambako nozeli inakaa wazi milisekunde 15, kosa hilohilo halionekani. Nozeli mbili zenye uwezo sawa kwenye karatasi, za watengenezaji wawili, zinaweza kutofautiana kabisa kwenye ucheleweshaji huo. Mwenzako anakwambia ana "nozeli za 550 kama zako", yaani za kumwaga sentimita za ujazo 550 kwa dakika. Inawezekana, lakini jedwali lake la volti linazihusu zake.

Kisha kuna taiming, yaani wakati wa kuwasha plagi, na hapa ndipo injini zinapofia. Faili uliloletewa liliandikwa kwa petroli ya okteni fulani (uwezo wake wa kutojiwakia yenyewe), kwa intakula fulani (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), kwa hali ya hewa fulani. Ukijaza petroli ya okteni ya chini, au hewa inayoingia ikiwa ya moto zaidi, mchanganyiko uliobaki kwenye kona ya silinda unajiwakia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Shinikizo linaruka ghafla na injini inagonga. Kwa nguvu za kiwandani pistoni huvumilia kugonga huko mara kadhaa. Ukiongeza shinikizo la turbo, mara chache zinatosha kuvunja kingo zinazoshika ringi.

Watu hujibu kwamba sensa ya kugonga italinda. Inasaidia, ndiyo. Lakini sensa hiyo ni sikio lililofundishwa kusikiliza mlio wa aina moja, kwenye injini nyingi ni kati ya kilohezi 6 na 7 kutegemea upana wa silinda. Ukifunga pistoni za kufuliwa (zilizoshindiliwa kwa nguvu badala ya kumiminwa kwenye kalibu), ambazo hucheza kidogo zikiwa baridi, sensa inaweza kusikia kelele zao na kudhani injini inagonga. Fundi mvivu hutatua hilo kwa kuipunguzia usikivu, na kuanzia siku hiyo injini haina mlinzi. Fundi akikwambia amefanya hivyo, muulize amehakikishaje kwamba kelele ile haikuwa kugonga kwa kweli.

Kuna hoja moja dhidi yangu ninayoiheshimu: mbona kiwanda kinaandika faili moja na kuliweka kwenye maelfu ya magari? Ni kweli. Lakini kiwanda kinajua kila nozeli na kila bomba lililofungwa, kimejaribu gari kwenye joto kali, baridi kali na milimani, kisha kikaacha nafasi kubwa ya usalama kwa ajili ya tofauti ndogondogo na mafuta mabaya. Nguvu unayoiongeza wewe inatoka humohumo kwenye nafasi hiyo. Ukishaimeza, tofauti ndogo kati ya gari lako na la mwenzako hazina tena pa kujificha.

Faili la kuazima lina kazi moja ninayoikubali: kuwasha injini na kulifikisha gari kwa fundi, bila turbo kupanda na bila kukanyaga. Kutyuni kwa mbali nako sina ugomvi nako, mradi fundi anapokea logi za gari lako (rekodi za vipimo vyake likiwa linatembea), anarekebisha, anaomba nyingine, mpaka mambo yakae.

Ninachowasihi watu ni waache kuuliza kwanza "limetoa nguvu ngapi za farasi?" Mashine za kupimia hutofautiana, na gari lilelile asubuhi na mchana wa joto litatoa namba mbili. Fundi anayekimbizana na namba ataisogeza taiming nyuzi 2 zaidi apate kitu kidogo cha kukuonyesha, na nyuzi hizo ndizo zingekulinda siku utakayojaza mafuta mabovu. Namheshimu zaidi yule anayeacha nguvu kidogo mezani na kunieleza kwa nini.

Omba logi. Iwe ya gia moja, kutoka mizunguko ya chini hadi mwisho, mafuta yamekanyagwa yote, na ionyeshe lamda (uwiano wa hewa na mafuta, ambapo 1 ni mchanganyiko kamili na chini yake mafuta yamezidi) kutoka sensa pana ya oksijeni, ile inayojua ni kwa kiasi gani, taiming, kugonga, shinikizo la turbo, joto la hewa inayoingia na muda wa nozeli kuwa wazi. Kwa injini ya turbo ya petroli, lamda chini ya mzigo nataka kuiona karibu na 0.80, na nozeli zisipite asilimia 85 ya muda wake. Tena nataka mikanyago mitatu mfululizo. Ule wa kwanza, intakula ikiwa baridi, haunielezi mengi. Naangalia wa tatu: joto la hewa limepanda kiasi gani, kompyuta imerudisha taiming nyuzi ngapi, na je, silinda ileile ndiyo inayogonga kila mara. Ikiwa ni ileile, kabla ya kugusa faili nafungua nozeli yake nikaipime.