Bunduki ya mzee na kibali cha Zaire

Kwa miaka mingi bunduki ya baba mkubwa ililala chini ya kitanda chake katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, ikiwa imeviringishwa kwa blanketi kuukuu. Ni bunduki ya mitutu miwili, kalibri 12, aliyoinunua 1986 alipokuwa bado mfanyakazi wa mgodini, na siku za mapumziko alikwenda nayo kuwinda upande wa Kasenga. Hata baada ya miguu kukataa safari hizo, kila baada ya miezi michache aliitoa na kuipaka mafuta. Kibali chake alikihifadhi katika mfuko wa plastiki: karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyokatika mikunjoni, yenye muhuri wa mkoa wa Shaba, Jamhuri ya Zaire.

Jina la Zaire liliondoka 1997, nchi ikawa tena Kongo, mkoa wa Shaba ukarudia jina la Katanga, na 2015 Katanga yenyewe ikagawanywa kuwa mikoa minne. Hata jina lililomo lina mashaka, kwa kuwa tangu 1972 majina ya Kikristo yalikuwa yamepigwa marufuku, hivyo kibali kinamtaja kwa jina la ukoo tu, ilhali kadi ya mpiga kura, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho, inaanza na jina lake la ubatizo. Alipokipeleka katika ofisi moja ili kifanywe upya, kijana aliyekuwa mezani alikisoma mbele na nyuma, kisha akamuuliza: “Papa, huyu mutu ni weye?” Baba mkubwa alirudi nyumbani na hakwenda tena.

Silaha zinasimamiwa na amri-sheria namba 85-035 ya 3 Septemba 1985, na uwindaji una sheria yake ya 28 Mei 1982. Nimewasikia wazee wakizichanganya, mtu akionyesha ruhusa ya kuwinda kwa imani kwamba ameonyesha ruhusa ya kumiliki bunduki. Kibali kikishapoteza nguvu, yule aliyekuwa mmiliki halali anageuka kuwa mtu anayeficha silaha, bila hata kuinuka kitandani. Na katika eneo ambalo limewajua wanamgambo wa Mai-Mai, sitarajii askari aanze kwa kuuliza historia ya karatasi.

Lakini karatasi haikuwa shida kubwa kuliko zote. Baba mkubwa alianza kusahau. Usiku mmoja alidai apewe kartushi, risasi za bunduki yake, kwa sababu alisikia wezi uani, na wezi wenyewe walikuwa wajukuu wake waliokuwa wakirudi kutoka kwenye mazoezi ya kwaya. Mama mkubwa hakubishana naye. Alimpa chai, na alipolala akazifukia kartushi ndani ya ndoo ya unga. Asubuhi watoto walikutana, na hapo ndipo nilipoelewa jinsi jambo hili lilivyofungwa pande zote: mtoto anayeibeba bunduki ya baba yake kuipeleka polisi anatembea barabarani na silaha isiyo na kibali kwa jina lake.

Huko Marekani, sheria ya 1968 inamzuia kumiliki bunduki mtu ambaye mahakama au chombo chenye mamlaka kimeamua kwamba hana tena uwezo wa akili wa kusimamia mambo yake. Cheti cha daktari peke yake hakitoshi. Majimbo kadhaa, Connecticut ikitangulia 1999, yanamruhusu jaji kuagiza silaha ya mtu anayeonekana kuwa hatari iondolewe kwa muda. Sitamani mambo mengi ya nchi ile kuhusu bunduki, lakini hilo la jaji nalitamani. Kwetu pia sheria ya familia ya 1987 inaruhusu mtu aliyedhoofishwa na uzee au ugonjwa awekewe msimamizi. Tatizo ni kwamba katika ukoo wetu, mtoto anayekwenda mahakamani kusema akili ya baba yake imepungua hatasamehewa kwenye kikao chochote cha msiba.

Tuliwahi kuona, baada ya vita, bunduki zikikusanywa Katanga kwa kubadilishana na baiskeli. Mzee wa namna hii hahitaji baiskeli. Anahitaji ofisa amfuate nyumbani, amwamkie, aandike namba ya bunduki na kumwachia hati ya makabidhiano, na afanye hivyo wakati mzee bado anaweza kuielewa na kuitia saini, si baada ya kifo chake, warithi wanapogawana nyumba na viti huku kila mmoja akiogopa kulitaja lile blanketi.

Kwetu ilifanyika hivyo, kwa msaada wa wakili tuliyemlipa kwa kuchangishana. Polisi wawili walikuja mchana, wakaketi, wakaandika. Baba mkubwa alitia saini kwa majina yote mawili. Hati imo katika mfuko uleule wa plastiki, pamoja na kibali cha Shaba. Bado anaomba mafuta yake kila baada ya miezi michache, na mama mkubwa humpa panga alipake.