Kidonge kabla ya kipimo

Mgonjwa wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa amemaliza mizunguko minne ya dripu za kemo. Picha ya CT inaonyesha uvimbe haujaongezeka. Sasa apumzike, awe anaangaliwa tu kliniki mpaka ugonjwa uamke tena? Au aendelee na dawa moja wakati uvimbe umetulia? Kuendelea huko ndiko kunakoitwa tiba ya kudumisha, na madaktari wamebishania jambo hilo kwa miaka mingi.

Wanaotaka kuendelea wana ushahidi. Katika jaribio la PARAMOUNT, lenye wagonjwa 539 ambao saratani yao haikuwa ya seli bapa (aina moja ya saratani ya mapafu), nusu ya walioendelea na dripu ya pemetreksedi, dawa ya kemo, kila wiki tatu walifikisha miezi 13.9 wakiwa hai tangu awamu hiyo ianze. Waliopewa dripu isiyo na dawa walifikisha 11.0. Wapo wanaoiita miezi mitatu hiyo kidogo. Mimi siwezi kusema hivyo kwa wepesi. Katika miezi mitatu mtu huozesha binti, hugawa shamba watoto wakimsikia, hufunga Ramadhani moja zaidi.

Lakini kuendelea kuna gharama zake: sindano za vitamini B12, vipimo vya damu, nauli, uchovu usioisha. Tena, katika jaribio la awali la dawa hiyohiyo, wagonjwa wa kundi lisilo na dawa walipozidiwa, ni wachache tu waliopewa pemetreksedi. Basi kilicholinganishwa ni dawa sasa na dawa baadaye, au ni kupata na kukosa? Sijaona jibu la kuridhisha.

Kisa cha erlotinibu, kidonge kilichouzwa kwa jina la Tarceva, kinafundisha zaidi. Katika jaribio la SATURN la wagonjwa 889, nusu ya waliokimeza walifikisha miezi 12 wakiwa hai, dhidi ya 11 kwa wasiokimeza, na mwaka 2010 Marekani ikaidhinisha kidonge hicho kwa kudumisha. Mwaka uliofuata NICE, chombo kinachoishauri huduma ya afya ya Uingereza, kilikataa. Likaja jaribio la IUNO, la watu ambao uvimbe wao hauna badiliko katika EGFR, jeni inayoziamuru seli zikue: kuanza kidonge mapema hakukuwaongezea maisha. Mwaka 2016 Marekani ikakibakiza kwa wenye badiliko hilo tu. Kwa miaka sita, basi, wako waliovumilia vipele usoni na kuharisha kwa ajili ya dawa ambayo uvimbe wao haukuwa na mlango wa kuipokea.

Kwa wenye mlango huo, yaani badiliko la EGFR, mambo ni mengine kabisa. Humeza kidonge kila siku tangu mwanzo, hadi saratani itakapokizoea, na ule ubishi wa kudumisha karibu unakufa wenyewe. Katika jaribio la FLAURA, osimertinibu, kidonge kipya zaidi, iliuzuia ugonjwa kwa miezi 18.9, ilhali vidonge vya kizazi cha kwanza, kama erlotinibu, vilifikia 10.2.

Erlotinibu iliingia mwaka 2019 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwetu Afrika Mashariki, hata hivyo, si ajabu mtu kudhaniwa ana kifua kikuu na kumeza dawa zake kwa miezi kabla ya kuchukuliwa kinyama cha uvimbe, na kinyama hicho ndicho kinachopimwa jeni. Daktari anaweza kuniuliza: kuna faida gani kumpima mtu ugonjwa ambao dawa yake hawezi kuimudu? Swali la haki, ila mimi bado ningetanguliza maabara kwenye bajeti. Familia inayochangishana kwa M-Pesa inunue vidonge ikiambiwa mapema kwamba mzee hana badiliko lile, fedha hizo zinaweza kwenda kwenye kemo, au kwenye mofini na mtungi wa oksijeni nyumbani.