Chandarua cha usiku peke yake hakitoshi

Makala yenu inawahimiza akina mama wawalaze watoto kwenye chandarua usiku. Sawa, kwa malaria. Lakini mbu wa homa ya dengue, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea magharibi. Na huo ndio muda kichanga amelazwa mkekani uani huku mama yake anakuna nazi. Sisi wa Ngamiani tulijionea mwaka 2019, dengue ilipotupiga Tanga na Dar es Salaam.

Mjukuu wangu alikuwa na miezi saba. Homa kali, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, tukaambiwa "meno hayo". Meno! Siku ya nne homa ikashuka tukafurahi, kumbe kwa dengue hapo ndipo pa kumchunga zaidi: kutapika mfululizo, fizi kutoa damu, mtoto kulegea na kukataa ziwa. Tulimkimbiza hospitali, akapona, alhamdulillahi. Na homa ikiwa ya namna hii mpeni parasetamo kwa kipimo cha daktari. Aspirini na diklofenaki zinaongeza hatari ya kuvuja damu.

Mbu huyu hahitaji bwawa ili atage. Kifuu cha nazi, tairi bovu, pipa lisilofunikwa vinamtosha. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, mvua ikija yanaanguliwa, kwa hiyo pipa lisuguliwe kuta zake, si kumwaga maji tu. Jirani yangu fundi pancha naye husoma hapa. Natumaini ameelewa nasema tairi zipi.